Samaki wa Kilindini Hawapatikani Ufukoni



Mtakatifu Luka, katika sura ya 5 ya Evanjili yake, anatueleza habari ya asubuhi moja ufukoni mwa ziwa. Wavuvi wamerudi. Usiku kucha wametupa nyavu, na hawana hata samaki mmoja wa kupeleka nyumbani. Sasa wanaosha nyavu zao, nao wamechoka. Bwana Yezu anafika, na umati wa watu unamsonga kwa hamu ya kusikia neno la Mungu. Anapanda katika mtumbwi wa Simoni, ndiye tunayemwita Petro, na kumwomba ausogeze kidogo tu kutoka nchi kavu. Anaketi mle mtumbwini na kuwafundisha watu.

Mafundisho yanapokwisha, Bwana Yezu anamgeukia Simoni na kumpa agizo jingine. Safari hii hasemi kidogo. Anamwagiza aende mpaka penye kilindi cha maji, wakashushe nyavu zao huko.

Angalieni vema: maagizo ni mawili. La kwanza ni kusogea kidogo. La pili ni kwenda kilindini. Wengi hulitii la kwanza kwa furaha, maana ufuko ungali karibu na mtu aweza kurudi kwa miguu. La pili ndilo linaloonyesha jinsi moyo wa mtu ulivyo. Somo la leo ni juu ya agizo hilo la pili.

1. ZIWA LA PETRO NA ZIWA LETU

Ziwa la Galilaya, linaloitwa pia Genezareti, ni dogo. Urefu wake ni kilometa 21 hivi, na pale lilipo pana zaidi ni kilometa 13 hivi. Kina chake hakizidi sana meta 40. Mwaka 1986 ukame ulipunguza maji yake, na ndugu wawili wavuvi wakaona katika tope mbao za chombo cha kale. Wataalamu walipokichunguza, walisema ni chombo cha nyakati zile za Bwana Yezu na mitume wake. Urefu wake ni meta 8 na zaidi kidogo, na upana wake ni meta 2 na zaidi. Kilitengenezwa kwa mbao za miti ya namna nyingi, kwa kuwa wenyewe walikitia viraka mara kwa mara kwa mbao walizozipata. Hakuna awezaye kusema ni nani aliyekipanda. Lakini tunajua sasa kwamba wavuvi wa nchi ile walikuwa watu wa kazi ngumu na mali kidogo, kama wavuvi wa kwetu. Hata samaki wao mmoja ni wa ukoo wa ngege tunaowala sisi.

Ziwa letu la Tanganika ni kubwa kuliko lile mara nyingi. Lina urefu wa kilometa 670 hivi, toka Uvira na Bujumbura upande wa kaskazini mpaka nchi ya Zambia upande wa kusini. Nchi nne zinalizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Pale lilipo refu zaidi kwenda chini, kina chake ni meta 1470 hivi. Katika dunia yote liko ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi.

Watu wa Uvira, Kalemie, Mpala na Moba wanajua kwamba ziwa hili halitoi samaki wake wote mahali pamoja. Mtoto akisimama penye mawe na kijiti chake atapata visamaki vya kuchezea. Ndagala, ambao akina mama huwaanika mchangani, hukaa katika maji makubwa. Mchana hushuka chini. Usiku hupanda juu wakifuata vijidudu vidogo wanavyovila. Mikebuka huwafuata ndagala, nao sangala wakubwa huwinda huko huko. Mtu akitaka samaki hao, hana budi kuuacha ufuko nyuma ya mgongo wake.

Ndivyo ilivyo na uzima wa milele. Mtu anayesimama mlangoni mwa kanisa, akisikiliza nyimbo na kuzipenda, hakufanya vibaya. Lakini angali ufukoni.

2. MVUVI ANAVYOKOKOTA MSHIPI

Wavuvi wa ziwa letu wana njia nyingi. Wako wanaotumia nyavu na taa usiku wa giza. Na mwezi unapojaa hupumzika, kwa sababu mwanga umeenea majini mwote na ndagala hawakusanyiki tena penye taa. Wako pia wanaovua kwa mshipi na ndoano. Hata Petro aliijua ndoano. Mtakatifu Mateo, katika sura ya 17, anasimulia kwamba watoza kodi ya Hekalu walipomjia Petro, Bwana Yezu alimtuma akatupe ndoano ziwani, akamwambia kwamba katika kinywa cha samaki wa kwanza ataona fedha ya kutosha kwa kodi yao wote wawili.

Mvuvi wa mshipi anayetaka samaki wakubwa wa kilindini hafungi mtumbwi wake penye matete na kungoja. Huenda mbali, kisha huushusha mshipi na kuukokota nyuma ya mtumbwi, huku mwenzake akipiga kasia polepole. Kazi hiyo yahitaji mambo manne, na kila moja lina fundisho kwa mkatekumeni.

Jambo la kwanza ni uzito. Karibu na ndoano hufungwa jiwe au kipande cha risasi. Pasipo uzito, ndoano itarukaruka juu ya maji, na samaki wa chini hataiona kamwe. Vivyo hivyo mtu aweza kukariri katekisimu yote, akajibu kila swali kwa sauti kubwa, na maneno hayo yakaelea mdomoni tu. Akiulizwa amri ya saba, ataitaja bila kosa; na siku ya soko atapunguza kipimo cha unga. Neno la Mungu linapata uzito pale linapomgharimu mtu kitu. Siku muuzaji anapojaza kipimo sawasawa, ingawa mnunuzi haangalii, siku hiyo amri ya saba imeshuka moyoni mwake.

Jambo la pili ni kipimo. Mvuvi huhesabu mshipi wake kwa pima za mikono: pima kumi, pima ishirini, pima thelathini. Haoni chini, lakini anajua ndoano yake iko wapi. Mkatekumeni naye ajipime kila jioni kabla ya kulala. Leo nimesema uongo mara ngapi? Nimesali au nimesahau? Nimemtendea mke wangu, mume wangu, mama mkwe wangu namna gani? Asiyejipima hudhani yuko mbali sana na ufuko, kumbe mtumbwi wake ungali unagusa mchanga.

Jambo la tatu ni mwendo wa kasia. Mpiga kasia akifanya haraka, mshipi hunyoka nyuma na ndoano hupanda juu. Akiacha kupiga, mshipi huning'inia wima, chambo chakaa kimya kama kitu kilichokufa, na samaki hukipita. Wako wakatekumeni wanaotaka ubatizo baada ya mwezi mmoja. Wako wengine walioandikwa zamani, wakaja mara moja au mbili, wakatulia. Kanisa lapenda mwendo wa kudumu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wasiwabatize watu wazima kabla ya miaka minne ya matayarisho. Watu wengi walishangaa. Lakini yeye alitaka Wakristu watakaosimama imara siku ya taabu. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba ukatekumeni wa watu wazima, wenye hatua zake mbalimbali, urudishwe katika Kanisa. Basi, asiyebatizwa mwaka huu asinung'unike. Apige kasia.

Jambo la nne ni mwenzi. Mmoja ashike mshipi, mwingine ashike kasia. Nyavu za Petro zilipojaa hata zikaanza kukatika, aliwapungia mkono wenzake wa mtumbwi wa pili waje wamsaidie. Mtume mkuu alihitaji msaada. Je, mkatekumeni hauhitaji? Kwa sababu hiyo Kanisa humpa msimamizi wa ubatizo, naye katekista humtembelea nyumbani. Asiwafiche mambo yake.

3. SI KILA KILINDI KINA UHAI

Hapa ni lazima kuonya. Mtu aliyesikia maneno haya aweza kusema: Kumbe jambo lililo la siri na la chini sana ndilo bora. Sivyo hata kidogo, na ziwa letu lenyewe linatufundisha.

Samaki hupumua hewa iliyochanganyika na maji. Wataalamu walioshusha vyombo vyao katika Tanganika waliona kwamba hewa hiyo haifiki mbali. Upande wa kaskazini hufika kama meta 100 kwenda chini. Upande wa kusini hufika meta 200 na zaidi kidogo. Chini ya hapo maji hayana hewa, bali yana gesi ya sumu inayonuka kama yai bovu. Penye kilindi kikubwa kabisa kuna zaidi ya meta 1000 za maji yasiyo na samaki hata mmoja. Mvuvi akishusha mshipi wake huko, atangoja mpaka azeeke.

Viko, basi, vilindi viwili. Kimoja kina uhai, na kingine ni giza na sumu tupu. Shetani naye huwaita watu waende chini. Humwambia mtu: Padri amekufundisha ya juu tu, liko jambo la ndani zaidi, njoo usiku, lete kuku, lete fedha, usimwambie mke wako. Mtu huyo hushuka, hushuka tena, na kila mara huambiwa kwamba bado hajafika. Mwishoni mali yake imekwisha, amegombana na jirani zake kwa kuwashitaki uchawi, na hakupata kitu. Alishusha mshipi mahali pasipo hewa.

Kilindi cha Bwana Yezu hakifanani na hicho. Yeye alifundisha mchana, mbele ya watu wote, bila kuuza neno lake. Alimtuma Petro kilindini naye mwenyewe akiwa ndani ya mtumbwi ule ule. Mkatekumeni apime hivi: mahali ambapo Yezu hawezi kuketi mtumbwini pamoja naye, pale asiende.

4. NDUGU WAWILI NA MTUMBWI MMOJA

Tusikilize mfano. Katika kijiji cha wavuvi waliishi ndugu wawili. Baba yao alipofariki, mtumbwi wake ukawa wa yule mkubwa, na mdogo akawa mpiga kasia wake. Mbele ya mtumbwi, chini ya ubao, palifungwa kifuko kidogo cha ngozi. Ilikuwa dawa ya uvuvi, ambayo marehemu baba yao aliinunua kwa mganga kwa mbuzi wawili. Kila jioni kabla ya kusukuma mtumbwi majini, ndugu hao walikigusa kifuko kwa mkono wa kuume.

Yule mdogo alijiandikisha kusoma dini. Mwaka wa kwanza alijifunza sala, na mwaka wa pili amri za Mungu. Mwaka wa tatu alikuwa miongoni mwa wasomaji bora. Jioni alifanya ishara ya msalaba ufukoni bila haya, kisha alikigusa kifuko kama zamani.

Siku moja, baada ya somo la amri ya kwanza, alibaki nyuma, akamwambia katekista: "Mwalimu, kile kifuko si changu, ni cha kaka. Nami sikiamini. Nakigusa tu kwa heshima ya marehemu baba."

Katekista akamjibu: "Ndugu yangu, heshima kwa baba ni jambo jema. Lakini leo jioni usikiguse. Kesho uje uniambie moyo wako umekaaje."

Kesho yake kijana alikuja mapema, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Akasema: "Mwalimu, usiku kucha nilitetemeka. Kila wimbi lililopiga mtumbwi nilidhani ndilo la mwisho. Kumbe nilikuwa nakiamini kifuko kuliko ishara ya msalaba."

Katekista hakumkaripia. Alimwambia kwamba aliyeona ugonjwa wake amekwisha kuanza kupona. Kijana akauliza kama akitupe ziwani usiku, kaka yake asipoona. Katekista akamkataza. Kifuko ni mali ya mwingine, na mtu hamtumikii Mungu wa kweli kwa kuharibu kitu cha ndugu yake kwa siri. Aende aseme wazi.

Kijana akaenda. Akapiga magoti mbele ya kaka yake, kama ipasavyo, akasema: "Kaka, wewe umenilea baada ya baba. Sikudharau. Lakini dawa ile sitaigusa tena, maana nimemwahidi Bwana Yezu."

Kaka yake alinyamaza kitambo, akasema: "Mtumbwi ule umetulisha tangu tuko wadogo. Usiyemgusa mlinzi wa mtumbwi, usiupande mtumbwi. Siku ukikosa chakula, usinijie."

Kijana alikuwa na mke na watoto wawili. Mjomba wake akamwazima mtumbwi mdogo mkuukuu, wenye nafasi ya watu wawili tu. Jirani yake, mkatekumeni mwenzake, akakubali kumpigia kasia. Usiku wa kwanza hawakupata kitu. Usiku wa pili walipata mikebuka watatu. Wakati ule ulikuwa kiangazi, upepo wa kusini ulivuma kwa nguvu, na mara nyingi mtumbwi ule mdogo haukuweza kutoka. Watu walicheka, wakasema: Dawa ya baba yake imemkataa. Mke wake hakucheka wala hakulalamika, lakini unga wa muhogo ulipungua kapuni, naye alianza kupika mara moja tu kwa siku.

Ndipo kijana alipomwendea katekista, akasema maneno yaliyokuwa moyoni mwake. "Mwalimu, umetufundisha kwamba Petro alitii, akapata samaki wa kujaza mitumbwi miwili. Mimi nimetii, nikapata watatu. Kosa langu ni lipi?"

Katekista alikaa kimya muda mrefu, maana hilo lilikuwa swali la mtu mwenye njaa, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Kisha akamwuliza: "Na samaki wale wote, Petro aliwafanyia nini?"

Kijana akafikiri. Akajibu polepole: "Aliwaacha ufukoni, akamfuata Yezu."

"Ndiyo," akasema katekista. "Basi samaki hawakuwa ndio malipo."

Dominika ile, baada ya ibada, katekista aliwakumbusha Wakristu kwamba mkatekumeni anayetaabika kwa ajili ya imani ni mzigo wa jumuiya yote. Mmoja alileta unga, mwingine alileta maharagwe, mwingine mshipi mpya. Wale waliosali tu bila kuleta kitu, nao walikuwako. Kila mmoja ajijue.

Mwishoni mwa kiangazi mpiga kasia mpya wa yule kaka aliugua homa. Jioni moja kaka mwenyewe alikuja, akasimama uani, asiingie ndani. Akasema: "Mdogo wangu, leo sina mtu." Kijana akajibu: "Kaka, nitapiga kasia mpaka asubuhi. Lakini mkono wangu hautakigusa kifuko." Kaka akasema: "Sikukuambia ukiguse."

Wakaenda. Usiku ule walipata samaki kiasi cha siku zote, hawakuzidi wala hawakupungua. Kaka aliwatazama samaki, akamtazama mdogo wake, asiseme neno. Tangu siku hiyo walivua pamoja tena. Kifuko hakikutolewa, yule mkubwa alikigusa, yule mdogo alifanya ishara ya msalaba. Mwaka uliofuata, usiku wa Pasaka, kijana alipobatizwa, mtu mmoja alisimama nje karibu na mlango wa kanisa tangu mwanzo hata mwisho. Alikuwa kaka yake. Mkononi alikuwa na sangala mkubwa, amemleta kwa karamu ya mdogo wake.

Mfano unaishia hapo. Moyo wa kaka ungali mikononi mwa Mungu.

5. ASHUKURIWE MUNGU HATA KWA UPEPO

Upepo ule wa kusini, unaowafungia wavuvi nyumbani toka mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, una kazi ambayo mvuvi haioni. Husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Ndipo maji baridi ya chini hupanda upande wa kusini, yakileta rutuba iliyokuwa imelala gizani. Rutuba hiyo huwalisha vijidudu, vijidudu huwalisha ndagala, ndagala huwalisha mikebuka, na mikebuka hutulisha sisi. Kama upepo usingalivuma, ziwa lingalikuwa maskini. Mkatekumeni anayepigwa na upepo wa taabu, nyumbani au kijijini, asidhani Mungu amemsahau.

Petro alipoona wingi wa samaki hakupiga makofi. Alianguka miguuni pa Yezu, akaungama kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Huko ndiko kilindini hasa: pale mtu anapomwona Mungu alivyo mkuu, na kujiona mwenyewe alivyo. Bwana Yezu akamwambia asiogope, akampa kazi mpya ya kuwavua watu. Yeye pamoja na Yakobo na Yohane, wana wa Zebedeo, wakavuta mitumbwi nchi kavu, wakaacha vyote.

Neno hilo lilifika hata kandokando ya ziwa letu. Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa wa nchi ya Marungu, alisoma Mpala pale ufukoni. Naye alikwenda polepole, hatua kwa hatua, miaka mingi ya masomo. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Victor Roelens alimpa upadri huko Baudouinville, mahali panapoitwa leo Moba. Ndiye Mkongo wa kwanza kupata upadri katika nyakati hizi. Alianza kama ninyi, kwa kujifunza ishara ya msalaba.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni atafute kifuko chake. Kwa mwingine ni hirizi kweli, imefichwa darini au mtumbwini. Kwa mwingine ni chuki juu ya ndugu yake, au deni asilotaka kulilipa, au pombe, au mwanamke wa pili ambaye hajamtaja kwa katekista. Akiisha kukiona, asikae nacho peke yake. Aende amwambie Padri au katekista kabla ya Dominika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Bwana Yezu alimpa Petro maagizo mangapi, na la pili lilizidi la kwanza kwa nini?

Kwa nini ndoano haifai bila uzito? Kwangu mimi, ni amri gani ambayo bado inaelea?

Kwa nini katekista alimkataza kijana asikitupe kifuko kwa siri?

Je, katika kijiji chetu yuko mkatekumeni anayetaabika kwa ajili ya imani yake? Nimempelekea nini?

SALA

Ee Bwana Yezu, uliyeketi katika mtumbwi wa Petro, keti pia katika mtumbwi wetu. Sisi tunapenda ufuko, maana tunaogopa. Utupe uzito wa neno lako, na mkono wa kudumu penye kasia. Utulinde na vilindi visivyo na uhai. Tukipata kingi, tusikisahau kukuabudu. Tukipata kidogo, tusikuache. Uwakumbuke ndugu zetu wanaosimama bado mlangoni, na siku moja utuingize sote nyumbani mwako. Amina.